Picha ya MRI imeharakishwa, imeharibika: tuanze kutafuta wapi?

Mgonjwa kaingia saa nne asubuhi, saa nne na robo kashashuka mezani, na foleni ya nje inasogea. Kila mtu ana furaha. Halafu picha zinatoka, na katikati ya ubongo kuna sikio.

Wa kwanza kulaumiwa ni "hiyo kasi yenu". Rudisheni protokali ya zamani, ile ya kulala mle ndani hadi usingizi umpitie mtu, tuendelee na kazi. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, na nimejifunza kutobishana nayo mbele ya mgonjwa. Lakini nikirudi jioni kuichunguza data, kasi yenyewe mara nyingi haina hatia. Kosa liko kwenye kitu ambacho kasi ilikitegemea: koili (antena inayopokea ishara kutoka mwilini), skani ya rejea (ile fupi ya mwanzo inayopima kila kipande cha koili kinaona nini), mgonjwa kutulia, au kompyuta iliyoko chumba cha nyuma ambayo hakuna anayeikumbuka mpaka igome.

Tukubaliane kwanza mashine inafanya nini. MRI haipigi picha kama kamera. Inachota ishara mstari kwa mstari na kuzipanga kwenye jedwali tunaloliita kei-spesi. Katikati ya jedwali mna umbo na mwangaza wa picha, pembezoni mna ncha na vitu vyembamba. Jedwali likijaa, hesabu ya Fourier inaligeuza kuwa picha. Muda wa mgonjwa kulala ni muda wa kujaza mistari hiyo. Chukua picha ya goti ya aina ya T2: TR, yaani muda wa mzunguko mmoja wa uchotaji, ya sekunde 4, mistari 320, kila TR ikichota mistari 16. Hizo ni TR 20, yaani sekunde 80. Ukirudia mara mbili kupunguza chenga, yaani vidoadoa vya kelele kwenye picha, ni sekunde 160. Sasa ruka kila mstari wa pili, tunaita R 2, ila ubakize mistari 24 ya katikati ikiwa kamili kwa ajili ya kalibresheni. Unachota mistari 172, TR 11, na kwa marudio mawili unatoka na sekunde 88. Kwa hiyo fundi akikuuliza mbona R 2 haikukata muda nusu kamili, jibu ni hiyo mistari ya katikati, na wala si ugonjwa.

Mistari iliyorukwa lazima ijazwe na mtu. SENSE ya Klaas Pruessmann na wenzake wa Zurich, 1999, na GRAPPA ya Mark Griswold na wenzake, 2002, zinajaza kwa kutumia tofauti kati ya chaneli za koili, yaani vile vipokezi vidogo vinavyoiunda: kila chaneli inauona mwili kutoka upande wake. Njia ya Michael Lustig, David Donoho na John Pauly ya mwaka 2007, ambayo kazini tunaiita CS tu, inachota mistari kwa kubahatisha, kisha inatafuta picha iliyo rahisi kuliko zote na ambayo bado inakubaliana na data. Akili mnemba inajaza kwa kukumbuka maelfu ya picha ilizofundishwa. Kila moja ina namna yake ya kuharibika. Ukiizoea hiyo namna, unamtambua mkosaji kabla hujagusa kitu.

Kabla ya yote: R 1

Weka chupa ya majaribio, ile fantomu ya maji, kwenye koili ileile. Piga slaisi tano kwa R 1, yaani bila kuruka mstari wowote, kisha slaisi zilezile kwa R unayotumia kila siku. Dosari ikibaki kwenye R 1, acha kuusumbua uundaji wa picha. Nenda kwenye koili, chumba, au sumaku. Dosari ikitoweka, endelea kusoma. Na hifadhi data ghafi, kwa sababu picha iliyokwisha kutumwa kwenye mfumo wa hospitali haiwezi kuundwa upya kwa njia nyingine.

Sikio katikati ya ubongo

Huu ni mkunjo: sehemu ya mwili imekunjwa na kuangukia mahali pasipo pake. Chukua rula ya skrini upime imehama kiasi gani. Ikiwa imehama nusu kamili ya eneo la picha na wewe uko R 2, au theluthi na uko R 3, ni mistari iliyorukwa ambayo haikujazwa sawasawa. Mtego uko kwenye EPI, uchotaji wa haraka wa kwenda na kurudi unaotumika kwa picha za difyusheni: huko mistari ya kwenda na ya kurudi isipolingana hutokea kivuli kilichohama nusu ya eneo hata bila kuharakisha chochote. Nimeona watu wakibadilisha R asubuhi nzima kwa kivuli cha aina hiyo. Jaribio la R 1 lingewaambia kwa dakika moja.

Mkunjo ukiwa ni wa kuharakisha kweli, swali langu la kwanza siku hizi ni skani ya rejea ilipigwa lini. Nililipa ada ya kulijua hilo. Tulikuwa na mama mmoja wa makamo, kipimo cha kichwa, SENSE R 2. Skani ya rejea ikapita vizuri. Mama akabonyeza kengele, anasikia baridi. Kijana wa mafunzo kwa vitendo akaingia, akamfunika shuka, akamwekea mto vizuri. Tukaendelea. Mkunjo. Nikarudia. Mkunjo. Nikabadilisha mwelekeo wa fezi (ule ambao mistari inarukwa), nikarudia mara ya tatu, mkunjo ukahamia upande mwingine, nami nikaanza kutafuta namba ya simu ya fundi. Yule kijana akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, samahani, ile ya rejea tuliipiga kabla sijampa shuka au baada?"

Kabla. Kichwa kilikuwa kimeshuka kama upana wa kidole. SENSE ilikuwa na ramani inayosema hapa ni hewa, kumbe sasa hapo pana kidevu. Ishara ya kidevu ikakosa pa kukaa ikatupwa kwingine. Skani ya rejea ni ya sekunde chache. Mimi nilikuwa nimeshachoma dakika 12.

Tumboni shida ni hiyohiyo kwa sura nyingine: rejea imepigwa mgonjwa akiwa ametoa pumzi, picha imepigwa akiwa ameijaza. Koili ya juu inapanda na kushuka na tumbo. Mwelekeze ashike pumzi namna moja mara zote mbili. GRAPPA inaumia kidogo hapa, kwa kuwa kalibresheni yake kwa kawaida imo ndani ya skani yenyewe. Ila akikohoa hasa wakati mistari ya katikati inachotwa, nayo itakuonyesha rangi zake.

Sababu ya pili ni eneo la picha dogo kuliko mwili. Bila kuharakisha, kubana eneo kunakunja pembeni tu na unaweza kuvumilia. SENSE haivumilii: sehemu mbili za mwili zikishakaa kwenye nukta moja ya ramani, hesabu inavurugika na mkunjo unatua katikati, palepale daktari anapopaangalia. Panua eneo, au washa ulinzi wa mkunjo. Mikono iliyolala kando ya tumbo ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Wanaounda picha wenyewe kwa programu ya BART wana njia ya ESPIRiT ya mwaka 2014, ambayo inakubali ramani mbili kwa nukta moja na kuliponya hili kwa kiasi kikubwa.

Sababu ya tatu ni chaneli iliyokufa. Usiangalie picha iliyounganishwa. Fungua ya kila chaneli peke yake. Inayotoa chenga tupu au giza, hiyo ndiyo. Chomoa plagi ya koili, mulika pini kwa tochi ya simu. Pini iliyopinda inaonekana kwa macho.

Chenga

Hapa tenganisha mambo mawili. Chenga zilizosambaa sawasawa picha nzima ni kodi ya kawaida. Ukiharakisha kwa R, nguvu ya ishara dhidi ya chenga inagawanywa kwa kipeuo cha pili cha R: R 2 inakuachia asilimia 71, R 4 inakuachia nusu. Hakuna mpangilio unaofuta kodi hiyo. Ndiyo maana naona R 2 pamoja na marudio mawili, kwenye kiungo kinachotulia, haina maana sana: muda ni ule ule wa R 1 na rudio moja, chenga zilezile au zaidi. Kwenye EPI ni habari nyingine, kwa sababu kule R inapunguza kupinda kwa picha.

Chenga zilizojikusanya katikati, au kwenye utepe mmoja huku pembeni pakiwa safi, zina jina lake: g. Ni adhabu ya jiometri ya koili. Katikati ya mwili kila chaneli iko mbali na zote zinaona karibu kitu kimoja, kwa hiyo hesabu ya kuzitofautisha inayumba. Kwa R 3 na g ya 1.5, unabaki na asilimia 38 tu ya nguvu uliyokuwa nayo.

Dawa ya kwanza si kupunguza R. Ni kuangalia chaneli zimepangwaje. Koili ya mgongo ndiyo mfano mzuri: chaneli zimepangwa kutoka kichwani kwenda miguuni, zote zikiwa nyuma ya mgonjwa. Ukiharakisha kwa mwelekeo wa kichwa-miguu, kila chaneli ina eneo lake na kazi inakwenda. Ukiharakisha kwa mwelekeo wa mbele-nyuma, umeziuliza chaneli swali ambalo zote zina jibu moja. Nimekuta protokali ya uti wa mgongo imekaa hivyo kwa miezi, na watu wamezoea kwamba "hii mashine mgongo haitoi vizuri". Na kumbuka R haiwezi kuzidi idadi ya chaneli zinazotofautiana kwenye mwelekeo huo. Koili ya chaneli nne haitakupa R 4 ya maana hata ukiifanyia maombi.

Kwenye skani za 3D una mielekeo miwili ya kuruka, basi gawanya: 2 kwa 2 badala ya 4 upande mmoja. Mashine yako ikiwa na CAIPIRINHA, ya Felix Breuer na wenzake wa Würzburg, iwashe. Ndiyo, wameiita jina la kinywaji cha Brazili. Inasogeza mistari inayochotwa ili sehemu zinazokunjana ziwe mbali zaidi, na g inashuka bila kuongeza muda.

Onyo kwa wanaopima. Mtindo wa zamani wa kuchora duara kwenye hewa ya pembeni na kuiita hiyo chenga haufai kwenye picha iliyoharakishwa, kwa sababu chenga hazilingani mahali na mahali, na SENSE mara nyingi imeshaifuta hewa kabisa. Piga skani mbili zinazofanana, toa moja kwenye nyingine, pima kinachobaki.

Haya yote ya chaneli yanakoma ukifika kwenye sumaku ndogo. Mbarara, Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake, wakishirikiana na watu wa Uholanzi na Marekani, wamejengea palepale mashine ya takriban militesla 50, yaani nguvu pungufu mara 30 kuliko mashine ya kawaida ya tesla 1.5, lengo likiwa watoto wenye kichwa kikubwa. Sumaku ya aina hiyo hufanya kazi na koili moja. SENSE haina cha kulinganisha, na kodi ya R inauma kwa sababu ishara yenyewe ni chache tangu mwanzo. Huko kero kubwa ni chenga za kutoka nje, umeme na redio za jirani, na kazi ya hesabu inakuwa kuzisafisha hizo.

Picha imepigwa pasi

Daktari anasema picha "kama ya plastiki". Hakuna mkunjo, hakuna chenga, ila misuli imelainika kama imepigwa pasi na kingo zina ngazi ndogo ndogo au vijiboksi. Hiyo ni CS iliyobanwa kupita kiasi. Ndani yake kuna uzito unaoamua kiasi gani picha irahisishwe dhidi ya kiasi gani iiheshimu data. Ukiupandisha, chenga zinaondoka, na vinavyofuata kuondoka ni vidonda vidogo vyenye mwangaza unaokaribiana na nyama inayovizunguka. Mshipa wa damu unaong'aa utabaki, kwa hiyo usijipime kwa mshipa.

Shusha uzito hatua moja mpaka chenga chache zirudi. Mimi huwaambia madaktari waziwazi kwamba chenga kidogo ni dalili njema. Kisha angalia umeitumia wapi. CS inataka bahati nasibu ya kweli kwenye uchotaji, na skani ya 2D ina mwelekeo mmoja tu wa kuruka, kwa hiyo mkunjo hausambai vya kutosha. Nguvu yake iko kwenye 3D, mishipa, na moyo unaodunda, ambako fremu moja inafanana na inayofuata. Ilichukua miaka 10 tangu ile makala ya 2007 mpaka FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, kuruhusu bidhaa za kwanza za CS mwaka 2017.

Ukiona miale kama ya nyota badala ya ulaini, uko kwenye uchotaji wa mistari inayopita katikati kama spoku za baiskeli. Fuata mwale mpaka chanzo chake. Karibu kila mara utakuta mafuta ya mkononi au chaneli moja ya pembezoni. Izime chaneli hiyo.

Picha nzuri kuliko kawaida

Hii ndiyo inayoninyima usingizi, kwa kuwa haina dalili. Mkunjo unapiga kelele. Chenga zinaonekana na mtoto. Mtandao wa neva, yaani ile akili mnemba, ukikosea unakupa picha safi ya kitu ambacho hakipo, au unafuta kilichopo na kupaka rangi vizuri juu yake.

Si hofu za kijiweni. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha New York (NYU) na Facebook walianzisha mradi wa fastMRI na kumwaga hadharani data ghafi za magoti zaidi ya 1,500, na shindano la ubongo la mwaka 2020 likatumia R 4 na R 8. Madaktari waliozikagua picha walikuta sehemu ambazo mtandao umezibuni. Mwaka huohuo Vegard Antun na wenzake wakaonyesha mitandao kadhaa ikipotezwa na mabadiliko madogo ambayo jicho halioni, na mingine ikiharibika zaidi unapoipa data nyingi kuliko ilizofundishwa nazo! Mwaka 2022 Efrat Shimron na wenzake wakaongeza la kwao: mtandao uliofundishwa kwa data zilizokwisha kusafishwa hupata alama za juu ambazo hauzistahili. Upande mwingine wa mizani, kipimo cha goti kwa R za wastani kimelinganishwa na cha kawaida na madaktari wakaona kinaweza kushika nafasi yake. Sisemi tuizime. Nasema tuichunguze kwa namna yake.

Kwanza, unda data ghafi ileile mara mbili, kwa mtandao na kwa njia ya kawaida. Ya kawaida itakuwa na chenga, sawa, lakini kitu kinachoonekana kwenye ya mtandao lazima kiwe na kivuli chake, japo hafifu, mle kwenye chenga. Kisipokuwepo, usikiamini. Pili, kitafute kwenye mwelekeo mwingine: kidonda kilichoko kwenye sajitali (mkato wa ubavuni) kiwepo pia kwenye koronali (mkato wa mbele). Jitahidi angalau sikwensi moja, yaani aina moja ya skani, kwenye kila kipimo ibaki bila mtandao. Tatu, uliza ulifundishwa kwa nani. Mtandao wa watu wazima ukipewa mtoto mchanga, vyuma vya mifupa, au koili ngeni, unajibu kwa ujasiri uleule. Mistari myembamba inayopita kwenye nyama laini kufuata mwelekeo mmoja ni ishara ya mapema kwamba umetoka kwenye eneo lake.

Skani imeisha, picha hazitoki

Hesabu ya kawaida ya Fourier ni nyepesi. Kompyuta inaimaliza kabla hujageuza shingo. CS inazunguka. Mizunguko 50, chaneli 32, Fourier ya kwenda na ya kurudi kila mzunguko: mara 3,200 kwa slaisi moja. Bana chaneli 32 ziwe 8 za kubuni kabla ya kuanza na unabaki na 800, bila jicho kuona tofauti kubwa. Panga protokali ili sikwensi nzito itangulie, iundwe wakati nyingine zinachotwa, badala ya kuiacha mwisho mgonjwa akiwa ameshavaa viatu na wewe hujui kama picha imetoka.

Ikiwa ilikuwa haraka jana na leo inaburuza, usiguse protokali. Gusa kabati la kompyuta. Kiyoyozi cha chumba cha nyuma kikizimika, kompyuta inajipunguza kasi ili isiungue, na hakuna ujumbe wowote kwenye skrini. Na usiizime mashine kwa hasira wakati foleni ya kuunda imejaa: data ghafi ambazo hazijaundwa zinaweza kwenda na maji, na mgonjwa akarudi kulala mezani.

Angalia na diski. Mara ya mwisho nilipoitwa kwa tatizo hili nilikuta kiyoyozi kizima, kadi ya michoro nzima, mtandao mzima, na diski imejaa asilimia 98. Nikafungua folda kubwa kuliko zote kuona ni ya nani. Zilikuwa data ghafi za fantomu, za miezi minane, na jina la folda lilikuwa la kwangu.